Afande Kalisti na Mzuka Aliyepewa Jina Langu

Kalisti hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo watu Rwamgasa wanaomwita Afande, na mgeni akisikia atafikiri ni mtu aliyewahi kuvaa gwanda la serikali. Gwanda alikuwa nalo. Lilikuwa shati la kaki alilolinunua mnadani, limepauka mgongoni, na saluti zake zote alinipigia mimi, jikoni, akitaka aongezewe mchuzi.

Alizaliwa Kagongwa, wazazi wake wakulima wa mpunga. Barabara ya malori inapita palepale, na alipokuwa mdogo alishinda kando ya lami akimwangalia askari wa barabarani anavyonyoosha mkono na lori lenye matairi ishirini na mawili linasimama. Habari hiyo alinisimulia labda mara mia. Watoto wenzake walikuwa wanaangalia malori, yeye anaangalia mkono.

Aliomba upolisi mara tatu. Mara ya kwanza walimpima urefu wakamwambia arudi nyumbani. Mara ya pili alijaza magazeti ndani ya viatu, akafika, akaambiwa vua viatu. Mara ya tatu walitaka cheti cha kidato cha nne, na cheti chake kilikuwa cha kufichwa, si cha kuonyeshwa. Simcheki mtu kwa kukosa elimu. Mimi darasa sikulijua kabisa, kuandika nimefundishwa ukubwani na mama mmoja wa kanisani, kwa kijiti cha mkaa. Ninachomcheka Kalisti ni kwamba alirudi Kagongwa akawaambia watu amekataliwa kwa sababu ana damu ya kitemi, na serikali haipendi kumpa bunduki mtu wa damu ya kitemi. Mama yake mwenyewe alikuwa anaondoka akisikia habari hiyo inaanza.

Akaja Rwamgasa kuchimba dhahabu kama wanaume wengine. Alishuka kwenye duara mara moja tu. Duara ndilo shimo letu la kuchimbia, mtu anashuka kwa kamba. Waliokuwepo wanasema hawajamaliza hata sigara moja, kamba ikatikisika, wakamvuta juu. Aliwaambia kuna mtu amemgusa bega kule chini. Wakamwambia ni ukuta. Hakushuka tena.

Mwenye kibanda umiza cha Rwamgasa ni Bashiri, mfanyabiashara mpole ambaye babu yake alikuja Kahama kutoka pwani. Kibanda chenyewe cha kuonyeshea filamu ni mabati, mabenchi, televisheni moja kubwa na jenereta nyuma. Kalisti alianza pale kwa kufagia. Mtafsiri aliyekuwepo, yaani yule mtu anayekaa na maiki pembeni ya televisheni kuwaeleza watu kinachosemwa, alihama kwenda kwenye machimbo mengine, na jioni hiyohiyo Kalisti akaweka fagio chini akashika maiki. Alisema anajua Kiingereza. Hakuna aliyemuuliza swali, kwa kuwa wa kuuliza naye angetakiwa akijue.

Filamu alizozipenda ni za aina moja, za polisi na mizuka. Kuna za polisi na majambazi, hizo alisema za kitoto. Yeye alitaka polisi aingie kwenye nyumba ambayo watu kumi wamefia. Nimeziona nyingi kwa sababu nilikuwa nampelekea chakula kulekule, na nasema bila kumwonea mtu kwamba sijaona askari wajinga kama wale. Afande anafika kwenye nyumba ina swichi ukutani, hawashi taa. Anaona nyayo za damu zinapanda ukutani mpaka darini, anauliza, "Kuna mtu humu?" Mwenzake anamwambia tusiachane, twende hivi tukiwa pamoja, wanaachana. Mzuka anapigwa risasi, risasi zinampita, afande anaongeza nyingine, kama vile tatizo lilikuwa idadi. Halafu mwisho anasalimika mmoja, anarudi kituoni, na aliyekaa kwenye dawati la kuandikisha kesi ni yuleyule mzuka. Wanaume wazima wa Rwamgasa, watu wanaoshuka mita themanini ardhini kwa kamba ya katani, wanashikana mikono kwenye mabenchi.

Lakini hawakuwa wanaogopa filamu. Walikuwa wanamwogopa Kalisti. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu wa ndani ya televisheni majina ya kwetu. Polisi mkuu siku zote alikuwa Afande Kalisti, hilo halikubadilika, hata kama afande mwenyewe ni mwanamke. Mwizi alipewa jina la mchimbaji aliyekaa benchi la mbele. Maiti wa kwanza alipewa jina la mtu ambaye hakuja siku hiyo. Watu wanacheka mpaka wanaanguka. Wengine walimnunulia sigara ili wawe ndio wanaoua mzuka. Mganga wetu mmoja, mtu mzima na mikufu yake, alimwomba kabisa asimtie kwenye filamu, na Kalisti akamtia.

Mimi nilikuwa napika ugali, maharage na samaki jirani na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Nilikuwa mjane. Binti yangu Esta ameolewa Nyahanga kule Kahama. Nina nyumba ya vyumba viwili niliyoijenga kwa mikono yangu, matofali nilifyatua mimi, maji nilibeba mimi, fundi alinisaidia kuezeka tu. Kalisti alianza kuja kula. Akaja kula mara mbili kwa siku. Halafu siku moja alikula na hakuondoka. Miaka sita alikaa kwangu. Kwa wazazi wangu hakupeleka ng'ombe wala kuku wala salamu. Kwetu sisi Wasukuma mwanamume anayekaa kwenye nyumba ya mwanamke huwa hata kukohoa anakohoa taratibu. Yeye alikuwa anakohoa kama mwenye nyumba.

Mwaka wa sita akampenda Vumilia, msichana aliyekuwa anauza karanga mlangoni kwa Bashiri. Akachukua nguo zake nikiwa sokoni. Sikumfuata. Nilifikiri nimepata hasara ya kawaida, ile inayowapata wanawake wengi, na mtu anaamka anawasha moto maisha yanaendelea.

Shida ni kwamba watu walimuuliza. Mwanamume aliyeacha nyumba ya matofali na sufuria lisilokauka, akaenda kupanga chumba cha udongo, lazima ana sababu. Angesema amependa msichana, basi, watu wangemcheka siku mbili. Hakusema. Alisubiri apate filamu.

Filamu ilifika kwenye mzigo wa Bashiri kutoka Mwanza. Ina afande mkubwa ambaye askari wake wanapotea mmoja mmoja, na kila anayepotea alikuwa ameenda kula nyumbani kwake. Mke wa afande anapika. Ana macho mekundu, hasemi sana. Kalisti akashika maiki akasema, "Afande Kalisti hajui. Miaka sita anakula mkononi mwa mzuka, hajui. Jina la huyo mwanamke ni Mama Esta." Akaongeza kwamba filamu hii si ya kubuni, imetolewa kwenye mafaili ya polisi, kesi ya kweli.

Niliambiwa siku hiyohiyo na mteja wangu, nikacheka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilisema, "Mjinga yule, ameshindwa hata kubadilisha miaka." Macho yangu ni mekundu, ndiyo. Mtu aliyepika kwa kuni mbichi miaka ishirini, macho yake yawe rangi gani?

Kibanda kilijaa wiki tatu mfululizo kwa filamu hiyohiyo. Mwanzoni wateja wangu walikuwa wananitania, "Mama Esta, leo usitupoteze." Halafu wakaacha kunitania. Mtu akiacha kukutania, hapo ndipo pa kushtuka, mimi sikujua. Wakawa wanakula wamesimama. Wakawa wanaangalia samaki kabla ya kuweka mdomoni. Mwishoni wakaanza kupita na vyombo vyao kwenda kula mbali.

Walichokuwa wanasema nilikuja kujua baadaye, na hakikuwa cha kijinga kama mnavyofikiri. Hawakusema televisheni imesema. Walisema aliyelala naye miaka sita amesema. Nani anamjua mtu kuliko aliyelala naye? Kalisti alikuwa shahidi, maiki ilikuwa namna yake tu ya kutoa ushahidi. Ungefika ugenini ukasikia hoja hiyo, na wewe ungetikisa kichwa.

Ndipo duara la Bujiku likapoteza mwamba. Bujiku ana vijana kumi wanamchimbia, walikuwa wanafuata mwamba wa dhahabu vizuri, asubuhi moja wakakuta jiwe tupu. Miamba inapotea kila siku Rwamgasa, hata kampuni zenye mitambo inazipotea. Bujiku akaenda kwa mganga. Mganga, yuleyule wa mikufu, akamwangalizia maji kwenye bakuli akasema anaona mwanamke mwenye macho mekundu anayelisha watu. Kazi ya bakuli sikuielewa. Alikuwa amekaa benchi la pili wiki zote tatu, mtu huyu, angesema tu ameona kwa Bashiri.

Kamanda wa sungusungu wetu, walinzi wa kijiji, ni Maganga, baba Abel. Alikuja kwangu na watu wawili wenye virungu, wakabaki nje ya kivuli cha banda langu.

"Mwadila, mayu," alinisalimia. Kwa Kisukuma, akiniita mama, kwa heshima zote.

"Mwadila. Karibu ukae, Kamanda."

"Hatukai. Jumamosi kuna mkutano, uwanja wa shule. Kutakuwa na kura ya siri."

"Kura ya nani?"

"Ya siri, Mama Esta. Siri haina jina."

"Wewe na hao wawili hamjawahi kuja kunialika mkutano miaka kumi na minne. Leo nyie watatu mmekuja kunialika kwenye siri."

Mmoja wa wale wawili akaangalia chini. Maganga akasema, "Kuna filamu. Kuna ushahidi."

Sihitaji kuwaeleza watu wa kwetu maana ya kura hiyo, ila anaweza kusoma mtu wa mbali. Kila mtu anapita anamnong'oneza katibu jina. Mwenye majina mengi anahama kabla jua halijazama. Asipohama, hakuna anayemuuzia chumvi, hakuna anayempa moto, hakuna anayeitika salamu yake, na hiyo ndiyo sehemu ya upole. Kuna vijiji ambako aliyebishana alikutwa asubuhi amekatwa mapanga, na hakuna aliyesikia kitu. Na nyumba ya aliyehama haikai tupu hata mwezi.

Polisi wa kweli niliwafikiria. Ningewaambia nini? Kwamba televisheni imenitukana?

Nikaenda kwa Kalisti. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda na shati lake la kaki, Vumilia anachambua karanga.

"Jumamosi wananifukuza," nilimwambia. "Njoo useme jina umelitia wewe."

"Mama Esta, kazi ni kazi. Kila mtu naweka jina."

"Ndiyo hilohilo. Njoo uliseme."

"Nikisema nimetunga, nani atanisikiliza tena? Watu wanalipa kwa sababu wanajua natafsiri."

"Unatafsiri nini, Kalisti? Miaka sita nilikuwa nakusomea meseji za simu."

Vumilia akacheka, akajizuia. Kalisti akamtazama vibaya, halafu akanitazama mimi kwa uso wa kiofisi, akasema, "Raia, nakushauri utulie mpaka uchunguzi ukamilike." Naapa alisema hivyo. Mtu niliyemkuna mgongo miaka sita ananiita raia.

Nikapita kwa Bashiri. Yeye alinikaribisha, akanipa soda, akasikitika kwa dhati. Bashiri ni mtu anayesikitika vizuri sana.

"Dada yangu, mimi naonyesha tu. Maneno ni ya Kalisti."

"Maiki ni ya nani?"

"Maiki ni yangu," alikubali.

"Kamanda akiamuru ulete televisheni na jenereta uwanjani Jumamosi, utaleta?"

"Kamanda akiamuru, nitakataaje?"

Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Usiku sikulala vizuri lakini niliwaza vizuri. Sungusungu ilianza kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, kila mzee hapa anajua, na ina sheria moja ambayo hata Maganga hawezi kuikanyaga. Mtu hahukumiwi wizi kwa maneno. Ng'ombe mwenyewe analetwa mkutanoni, akishachinjwa basi ngozi yake iletwe, watu waone alama, mwenye mali aseme ni huyu. Ngozi isipoletwa hakuna kesi. Marehemu mume wangu aliokolewa na sheria hiyo ujanani, kwa hiyo naijua.

Nikaenda kwa Maganga asubuhi, nikapiga magoti kama inavyotakiwa. Nilipiga magoti vizuri kuliko nilivyowahi.

"Kamanda, umesema kuna ushahidi. Sikatai. Naomba uletwe uwanjani kama ngozi inavyoletwa. Watu waone alama, waseme ni mimi."

"Filamu si ngozi."

"Basi si ushahidi."

Mke wake Martina alikuwa anapepeta mchele pembeni. Akasema bila kuinua macho, "Baba Abel, na sisi wanawake hatujaiona. Tutapigaje kura kwa kitu walichoona wanaume?" Sikumtuma. Martina hatukuwa hata marafiki. Nadhani alitaka tu kuona filamu bure.

Maganga akakubali. Nikaomba neno moja zaidi, kwamba ianze bila maiki, watu waone ngozi kabla ya kumsikia mwenye ng'ombe. Akakubali hilo pia, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa.

Jumamosi saa nne watu walijaa uwanja wa shule. Bashiri akaweka televisheni yake kwenye dirisha la darasa, upande wa ndani penye kivuli, jenereta ikaunguruma nyuma. Kalisti alikaa kwenye kiti mbele kama mgeni rasmi. Mimi nilikaa chini, peke yangu, wameniachia nafasi pande zote kama chungu cha maji ya moto.

Filamu ikaanza kwa sauti yake yenyewe. Watu wakasikiliza. Baada ya muda mwalimu Enock, anayefundisha Kiingereza hapohapo shuleni, akasimama.

"Kamanda, samahani. Hicho si Kiingereza."

"Ni nini?"

"Sijui. Ni cha mbali huko. Lakini Kiingereza siyo, hata neno."

Minong'ono ikapita uwanjani. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Afande, na hicho nacho unakijua?" Kalisti akasema lugha ya polisi ni moja dunia nzima. Hakuna aliyecheka, na niliona kwamba hilo lilimuuma kuliko swali.

Tukaendelea. Bila kelele zake filamu ilikuwa kitu kingine. Mke wa afande alikuwa anapika, anaweka sahani mbili, anangoja. Afande anaingia, anakaa, hali. Wanawake ndio walioona kwanza, kwa kuwa wanaume wiki zote tatu walikuwa wanasikiliza. Martina akanyoosha kidole.

"Hebu subirini. Kile kioo cha nyuma yao. Mwanamke yumo kwenye kioo. Mwanamume hayumo."

Bashiri akarudisha nyuma, akasimamisha. Kweli. Meza, sahani mbili, mwanamke, na kiti kitupu.

"Kwa hiyo mzuka ni polisi," Martina akasema. "Mke ni mtu mzima na afya yake, anapikia maiti." Akaniangalia mimi, halafu Kalisti, halafu akasema tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na hata maiti anataka kitoweo." Uwanja mzima ukaangua kicheko, wanawake wakapiga makofi.

Bujiku, aliyetaka kura ipigwe upesi, akapaza sauti kwamba mambo ya vioo hayajui, apewe mtafsiri maiki aeleze. Maganga akampa. Nami sikupinga. Watu walifikiri nimekata tamaa, lakini Kalisti namjua. Mpe watu watano, atakuwa na akili. Mpe watu mia nne wanaomtazama, akili yote inashukia kwenye ulimi.

Akaanza kwa tahadhari. "Huyu ni afande. Huyu ni mke wake. Wanaongea mambo ya kazi. Sasa afande anatoka." Mtu akapiga miayo, wa kusikika. Watoto wakaanza kurushiana mawe. Niliona anavyojikunyata kwenye kiti, niliona shingo inavyotoa jasho. Hajawahi kuongea na watu wasiocheka, hajui inafanywaje. Na alikuwa ameshaona ni nani aliyetoka kuwachekesha.

Mwanamke wa kwenye filamu akaingia jikoni na kisu. Kalisti akavuta pumzi, sauti yake ya kibandani ikarudi.

"Ahaa, mnamwona? Hamumjui? Huyo ndiye Mama Abel! Anakoroga mboga, ndani ya mboga mna vidole vya askari, na mume wake Kamanda amekaa sebuleni anameza mate, hajui kitu!"

Walicheka watu kumi hivi. Halafu wakaacha.

Maganga akasimama. "Zima."

Bashiri akazima hata kabla neno halijaisha.

"Kalisti. Umesema huyo ni nani?"

"Ni jina tu, Kamanda. La kuchangamsha."

"Mke wangu ni wa kuchangamsha?"

"Hapana, Kamanda. Shikamoo. Hapana."

"Nilikuja kwako siku nne zilizopita kukuuliza habari ya Mama Esta. Ulisema nini?"

Kalisti aliangalia maiki kama inaweza kumjibia. Na kwa bahati yangu hakuwa ameizima, kwa hiyo alichosema kilisikika mpaka barabarani.

"Kamanda, hii ni filamu tu. Majina naweka mimi."

Nilikuwa nimemtembelea kwake nikimwomba aseme maneno hayo. Angeyasema mlangoni, kwa sauti ndogo, mbele yangu na Vumilia, angebaki Rwamgasa na maiki yake. Aliyasema mbele ya mia nne.

Bujiku akasimama. "Na duara langu je?"

"Chimba," akajibiwa na wengi kwa pamoja.

Kura haikupigwa. Kalisti alipewa mpaka jua lizame, kwa kumtukana mke wa kamanda. Kwa kunitukana mimi hakupewa chochote, hilo halikutajwa, na nimeliweka moyoni. Hakubishana. Alichukua pikipiki ya abiria kwenda Kagongwa saa tisa, mapema kuliko alivyoamriwa. Vumilia hakwenda naye. Siku hizi anauza karanga sokoni, na akinipita ananiamkia shikamoo.

Maganga alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada. Akasema, "Mama Esta, mkutano umekuacha. Kaa."

"Nimekaa miaka kumi na minne, Kamanda."

"Ndiyo. Endelea."

Nikamwambia akaseme hivyo sokoni, mbele ya watu waliokuwa wananikimbia. Akasema atasema. Hajasema. Wateja wamerudi wenyewe, mmoja mmoja, na kila mmoja ana habari yake kwamba yeye hata siku moja hakuamini. Nikiwajumlisha wote ambao hawakuamini, sijui wale wa kunifukuza wangetoka wapi.

Jumatatu nilikwenda nyuma ya nyumba yangu kukata majani, nikakuta mambo manne, yaani vigingi vya kupimia kiwanja, yamepigwa ardhini, ya mti mzuri uliokauka, yamezunguka kiwanja changu chote. Mtu alikuwa amekuja kupima kabla ya kura. Yalikuwa na kamba ya katani, ile ya kushukia kwenye duara.

Bujiku alikuja kula mchana. Alikaa kabisa, safari hii. Nilikuwa nimeyang'oa nikayaleta bandani, nikamwonyesha.

"Haya ni yako?"

"Siyajui, mayu."

"Una hakika? Yakiwa na mwenyewe nisije nikamharibia."

"Siyajui kabisa."

"Basi ni kuni," nilisema.

Nikayasukuma jikoni yote manne mbele yake, yakashika moto vizuri, maharage yakachemka upesi. Akaomba sahani, nikampakulia. Alikula yote, hakuinua kichwa.